Ulevi Unavyoshika Mtu na Unavyoachwa



Katika mkutano wetu wa wafanyakazi wanaokaa Musaga, uliofanyika Jumapili moja mchana, tulibishana karibu saa mbili juu ya mtu ambaye hakuwapo. Ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha hapa Bujumbura, mwenye miaka kumi na tisa ya kazi, na alikuwa amepewa barua ya pili ya onyo kwa kukosa kazi Jumatatu tatu katika muda wa mwezi mmoja na nusu. Sababu kila mtu aliijua. Swali lilikuwa moja tu: je, chama kimtetee, au kimwache afukuzwe?

Wengi walisema aachwe. Walisema chama si cha walevi, na kwamba mashine yake ikikosa mtu, wenzake ndio wanaobeba mzigo wake bila kuongezwa hata faranga moja. Neno hilo ni la kweli na hatukulipuuza. Lakini mama mmoja wa idara ya kufungasha akasimama, akasema mume wake naye alifukuzwa kwa sababu hiyo hiyo miaka iliyopita. "Kazi iliisha," akasema, "pombe haikuisha." Kisha akakaa.

Baada ya maneno yake ilionekana wazi kwamba tulikuwa tukibishana juu ya jambo tusilolijua vizuri. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji yale ambayo wataalamu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, wamegundua juu ya ulevi na mazoea mengine yanayomfunga mtu: yanavyoanza, yanavyoshika, na namna ya kusema na mwenzako aliyeshikwa. Maelezo haya ni kwa ajili ya wajumbe wa wafanyakazi kwanza, kwa maana wao ndio wanaoitwa ofisini barua ikishaandikwa, lakini ni kwa ajili ya kila mtu mwenye ndugu, mume, mke au mtoto wa namna hiyo nyumbani. Na nani hana?

NANI AMESHIKWA?

Si kila anywaye pombe ni mgonjwa. Katika nchi yetu pombe ya ndizi na ya mtama ina nafasi yake ya heshima. Mahari haizungumzwi bila kinywaji, msiba haumalizwi bila kinywaji, na bashingantahe wakipatanisha watu wawili huwanywesha pamoja. Mtu anayekunywa katika mambo hayo kisha akarudi kwake na Jumatatu akawa mbele ya mashine yake, hatuna la kumwambia.

Aliyeshikwa hutambulikana kwa mambo mengine. Huweka nia ya kunywa chupa moja, akaondoka baada ya sita, na hali hiyo hujirudia. Pombe huchukua nafasi ya mbele, kabla ya chakula, karo na urafiki. Naye huendelea ingawa madhara yanaonekana kwa macho yake mwenyewe. Hali hiyo siku hizi huitwa uraibu. Kitabu cha kuainisha magonjwa cha Shirika la Afya Duniani kilichoanza kutumika Januari 2022 kinauhesabu kuwa ugonjwa, na hakikuishia kwenye pombe na madawa ya kulevya: kamari nayo imo. Kwa hiyo kijana anayeweka mshahara wake wote kwenye mechi za mpira za Ulaya, akikopa kesho yake ili arudishe alichopoteza jana, naye yumo katika maelezo haya ingawa hajawahi kuonja hata tone.

MAZOEA HUFUNZWA

Asiyeijua Musaga na aelezwe kwamba ni mtaa wa kusini mwa mji, kwenye barabara inayopanda kwenda Ijenda. Gereza la Mpimba liko huku huku kwetu, na kabare ni nyingi kiasi kwamba hakuna njia ya kutoka kazini mpaka nyumbani isiyopita mlangoni pa mojawapo. Mfanyakazi huteremka alfajiri, hupanda jioni amechoka, na siku mafuta ya gari yanapokosekana hupanda kwa miguu. Anapofika penye benchi na kivuli, anakuta wenzake wamekaa, mmoja anamwita kwa jina, na chupa inafunguliwa. Dakika chache tu na miguu haiumi tena, kelele za mashine zimetoka masikioni, na deni la butiki limekuwa jambo la mbali.

Tuangalie vizuri kilichotokea hapo. Chupa imemlipa papo hapo. Madhara yake, yaani kichwa cha asubuhi, ugomvi wa nyumbani, barua ya onyo, hayaji siku ile. Huja kesho, mwezi ujao, mwaka ujao. Akili ya binadamu, na hata ya mnyama, hujifunza upesi sana kwa malipo ya papo hapo, na hujifunza polepole mno kwa adhabu inayochelewa. Hili si suala la ujinga. Daktari na mwalimu hushikwa vile vile kama kibarua.

Tena akili haikariri pombe peke yake, hukariri na kila kilichokuwa karibu nayo. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupewa chakula baada ya ishara fulani hutokwa na mate kwa kuisikia ishara tu, kabla chakula hakijafika. Sisi tunacheka mbwa, lakini ni nani kati yetu asiyejua mtu ambaye mkono wake huanza kutafuta mfuko mara tu king'ora cha Jumamosi kinapolia? Siku ya mshahara, njia ile ile, sauti ya rafiki yule yule, harufu ya nyama choma: hivyo vyote ni ishara. Hamu humjia mtu kabla hajafikiri lolote. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa asubuhi kwa moyo safi, na jioni akajikuta amekaa pale pale.

Iko habari moja kutoka mbali inayolieleza jambo hili kuliko nyingine tunayoijua. Wakati wa vita vya Vietnam, askari wengi wa Marekani waliokuwa huko walitumia heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wale waliorudi kwao mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu akiwa vitani, na serikali yao iliogopa kwamba miji ingejaa watumwa wa heroini. Haikuwa hivyo. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, kati ya wale waliokuwa waraibu, karibu watano tu katika kila mia walirudia hali ile. Madawa yalipatikana hata kwao. Lakini vita havikuwapo tena, wala kambi, wala wenzake wa kutumia naye, wala woga ule wa usiku. Yaani mtu alipoondoka mahali palipomfunza, mafunzo yenyewe yalilegea.

Sasa tujiulize sisi tusiohama. Askari alipanda ndege akaenda zake. Fundi wetu wa Musaga kesho atapita mlango ule ule, akiitwa na watu wale wale. Basi kazi ya kumsaidia ni kumbadilishia mahali bila kumhamisha: kubadili saa zake, njia yake, mfuko wake na watu anaorudi nao. Tutalirudia hili.

Jambo jingine lazima litajwe, ingawa ni zito. Katika mitaa yetu wapo watu wengi wanaokunywa ili walale. Mwaka 1993 na mwaka 2015 hatuhitaji kuvieleza kwa msomaji wa Musaga. Mtu aliyeona mambo asiyoweza kuyasema, akagundua kwamba chupa mbili tatu humpa usiku mtulivu, amejipa dawa. Ni dawa mbaya, kwa maana usingizi wa pombe hukatika alfajiri na hofu hurudi na nguvu zaidi. Lakini ukimnyang'anya dawa hiyo bila kumuuliza inatibu nini, usishangae akikukimbia.

Kamari nayo hufunza kwa njia yake. Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwamba mnyama anayepata punje kila anapodonoa huacha upesi punje zikikoma, lakini anayepata mara moja moja, bila kujua ni lini, hudonoa bila kuchoka. Mchezaji wa kamari ni huyo wa pili. Kushinda kidogo kwa nadra ndiko kunakomfunga, na wenye mashine za kamari wanalijua hilo.

KUGOMBEZA HAKUSAIDII

Tunapomwona mwenzetu ameanguka, desturi yetu ni moja kati ya tatu: kumgombeza, kumtisha, au kumwapisha. Kapita humwita mbele ya wenzake na kumwuliza kama haoni aibu. Mke humwambia watoto watakufa njaa. Kasisi, mchungaji au sheikh humshikisha kitabu. Wote hao wana nia njema. Lakini angalia mlevi anafanya nini anapogombezwa. Anajitetea. Anasema hanywi sana kama fulani, anasema ni maisha, anasema ni msimamizi anayemwonea. Na kwa jinsi anavyozidi kujitetea, ndivyo anavyozidi kuyaamini maneno yake. Sisi tunatoa sababu za kuacha, naye anatoa sababu za kuendelea, na mwisho yeye ndiye anayejisikiliza.

Mtu aliyeliona hili vizuri ni William Miller, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani. Alikuwa akiwafundisha watu kupunguza pombe, na alipopima matokeo akakuta kwamba njia iliyotumika haikuwa na uzito kama namna mshauri alivyomsikiliza mgonjwa. Washauri waliojua kusikiliza, watu wao walipunguza. Waliobishana, watu wao walirudi palepale. Mwaka 1982 alikuwa Norwe, na wenzake wa huko walimtaka aeleze hatua kwa hatua anavyozungumza na mlevi. Maelezo hayo aliyachapisha mwaka 1983, na baadaye, mwaka 1991, akaandika kitabu pamoja na Stephen Rollnick. Tangu hapo njia hiyo imeenea ulimwenguni.

Siri yake ni ndogo. Ndani ya karibu kila mlevi mna watu wawili: mmoja anataka kuendelea, mmoja anataka kuacha. Ukimshambulia yule wa kwanza, unamwamsha. Kazi yako ni kumfanya yule wa pili aseme.

Mjumbe wetu aliijaribu njia hii kwa fundi tuliyemtaja. Yeye ni mdogo kwa umri, kwa hiyo hakuweza hata kama angetaka kumgombeza. Alimkuta nyumbani kwake Jumatano jioni, kabla hajatoka. Mwenyewe ameturuhusu kuyaandika mazungumzo, bila jina. Yalikwenda hivi:

"Kaka, sikuja kukuhukumu. Watu wamesema sana, nimekuja kukusikia wewe. Hii pombe ya jioni inakupa nini?"

"Mdogo wangu, inanipa usingizi. Nisipokunywa nakesha."

"Bila hiyo hulali."

"Silali. Nikifumba macho mambo ya zamani yanarudi."

"Nimekuelewa. Na je, kuna kitu inakunyang'anya?"

Hapo, mjumbe anasema, alinyamaza muda mrefu, naye mjumbe akanyamaza pia ingawa ulimi ulimwasha. Kisha fundi akasema:

"Binti yangu alirudishwa kutoka sekondari kwa ajili ya karo. Mimi, fundi wa miaka kumi na tisa! Mkopo nimechukua kwa jirani ambaye ni kibarua."

"Hilo limekuuma."

"Limeniuma sana. Tena hii barua ikifika ya tatu, sijui nitamwambia nini. Inafaa nipunguze, mdogo wangu. Inafaa nipunguze."

Msomaji aangalie ni nani aliyetamka neno la kupunguza. Mjumbe hakulitamka. Alipolisikia, hakurukia kutoa mawaidha; alimwuliza swali jingine: "Kaka, kutoka sifuri mpaka kumi, una hakika kiasi gani kwamba unaweza?" Fundi akasema nne. Wengi wetu tungeuliza, kwa nini nne tu? Mjumbe aliuliza kinyume chake: "Kwa nini nne, na si moja?" Na yule bwana, ili ajibu, ikabidi akumbuke kwamba mwaka fulani wakati wa Kwaresima alikaa wiki tano bila kuonja, kwamba mke wake angali upande wake, na kwamba mikono yake ingali inajua kazi.

Hatusemi maongezi ya jioni moja yanamponya mtu. Tunasema kwamba yalifungua mlango ambao miaka ya kelele iliufunga.

YA ELDORET

Nia ikishapatikana, inabaki kazi ya kujifunza upya, na hiyo ina ufundi wake. Mfano wa karibu ni wa Eldoret, magharibi mwa Kenya. Huko, katika mpango wa AMPATH unaoshirikiana na Hospitali ya Moi, mtafiti Rebecca Papas na wenzake wa Kenya walianza kuwasaidia wagonjwa wa ukimwi waliokuwa wakinywa kupita kiasi, wengi wao chang'aa na busaa. Hawakutegemea madaktari wa akili, ambao ni wachache mno. Waliwafundisha watu wa kawaida kuwa washauri, nao wakakutana na wagonjwa katika vikundi, mara moja kwa wiki, kwa majuma sita. Jaribio la kwanza, la watu 75, lilitangazwa mwaka 2011. La pili, la watu 614, lilitangazwa mwaka 2021, na waliopitia mafunzo hayo walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopewa masomo ya afya ya kawaida.

Tunalitaja kwa sababu moja: walioifanya kazi hiyo ni watu kama sisi, na wagonjwa wao waliishi katika mitaa kama yetu.

Mafunzo ya namna hiyo hufanya nini? Kwanza huchora ramani. Mtu huulizwa: ulikunywa siku gani, saa ngapi, na nani, kabla yake ulikuwa unajisikiaje, na pesa ilitoka mfuko gani? Fundi wetu alipofanya hivyo na mjumbe, kwa penseli juu ya kalenda ya ukutani, iligunduliwa kwamba siku za hatari si saba. Ni mbili: Jumamosi baada ya zamu, na siku yoyote aliyogombana na msimamizi. Kwa miaka yote yeye mwenyewe aliamini kwamba anakunywa "kila wakati".

Halafu ishara moja moja hutafutiwa njia ya kuikwepa. Siku ya mshahara mke wake humngoja langoni, na karo hulipwa kabla ya kupanda Musaga. Mwanzoni wenzake walimcheka, mke hakucheka. Njia ya kurudi imebadilishwa, ni ndefu zaidi kwa robo saa. Na maneno ya kukataa yamefanyiwa mazoezi kwa sauti, kama watu wanaocheza mchezo wa kuigiza: mjumbe alijifanya rafiki anayebembeleza, fundi akajifunza kujibu. Jambo hili linaonekana la kitoto, lakini kukataa chupa mbele ya wanaume wenzako ni kazi ngumu, na asiyekuwa na neno tayari mdomoni hupokea. Neno lake yeye ni fupi: "Niko kwenye dawa." Halina mjadala.

Hamu yenyewe nayo ina tabia yake. Mtu huamini kwamba itazidi na kuzidi mpaka imvunje, kwa hiyo hukubali mapema. Alan Marlatt, mtaalamu mwingine wa Marekani, aliwafundisha watu kuitazama kama wimbi: hupanda, hufika juu, hushuka yenyewe usipoilisha. Wavuvi wetu wa Tanganyika wanajua kwamba hupigani na wimbi; unaelekeza mtumbwi na kungoja. Katika ngoja hiyo mtu hula, huoga, hutembea, huenda kwa mtu wa kuongea naye.

Marlatt huyo huyo aliandika mwaka 1985, pamoja na Judith Gordon, juu ya kuteleza. Mtu amekaa miezi miwili, siku moja akanywa chupa moja. Akajiambia: nimeshaharibu, mimi si kitu, basi nimalizie. Kinachomwangusha hapo ni lile wazo kuliko chupa yenyewe. Mtu akifundishwa mapema kwamba kuteleza kunaweza kutokea, na kwamba siku hiyo hiyo anatakiwa amwambie fulani na kutafuta ni ishara gani iliyomnasa, chupa moja hubaki moja. Kwa maoni yetu hapa ndipo viapo vinapotudanganya: aliyeapa mbele ya umati, akivunja mara moja, hana tena pa kurudi.

HATARI ZISIZOTAKA MANENO MATUPU

Msomaji atusikilize vizuri katika jambo hili. Mtu ambaye kwa muda mrefu amekunywa sana kila siku, ambaye asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, asiachishwe ghafla nyumbani. Katika siku chache za kwanza anaweza kupata kifafa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na hali hiyo huua. Apelekwe hospitali, ambako ziko dawa za kumvusha siku hizo. Hapa mjini tunayo hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, ya Frères de la Charité, na kwenda huko si aibu kuliko kwenda kutibiwa malaria.

Vijana wetu nao wamepatwa na kile wanachokiita "boost", ambacho ni heroini iliyochanganywa. Kwa heroini mazungumzo peke yake mara nyingi hayatoshi. Tanzania ilifungua kliniki ya kutoa dawa ya methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwezi Februari 2011, na huko dawa na ushauri huenda pamoja: methadoni hutuliza mwili, ushauri hufunza akili. Na kwa kuwa sisi tu majirani wa Mpimba, tuseme na hili: kijana aliyekaa gerezani miezi kadhaa bila heroini, mwili wake umesahau kuivumilia. Akitoka na kujipa kipimo chake cha zamani, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wenye jamaa huko ndani na wamwambie kabla hajatoka.

WAJIBU WA MWAJIRI

Mpaka hapa tumesema juu ya mtu mmoja na akili yake. Lakini chama kingekosa kazi yake kama kingeishia hapo, kwa maana ishara nyingi tulizozitaja hazikuwekwa na mlevi.

Katika mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini, vibarua walipewa mvinyo mara kadhaa kwa siku kama sehemu ya ujira wao. Mfumo huo waliuita dop. Sheria iliukataza katika miaka ya 1960, lakini kwenye mashamba fulani uliendelea hata miaka ya 1990, na mpaka leo maeneo hayo yana watoto wengi waliozaliwa na kasoro kwa sababu ya pombe tumboni mwa mama. Mwenye shamba aliyefanya hivyo ndiye aliyesema baadaye kwamba vibarua wake ni walevi.

Si bure basi kwamba Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza mshahara kulipwa kwa pombe kali, na unakataza pia kulipia mshahara ndani ya kabare. Wandishi wake hawakusoma habari za mbwa wa Pavlov ili waandike hivyo. Walisikia malalamiko ya wafanyakazi. Ndugu zetu wa mashamba ya chai na ya michikichi wajiulize: kibarua anapolipwa kwao, ni mahali gani, saa ngapi, na jengo la karibu ni lipi?

Shirika hilo hilo lilitoa mwongozo mwaka 1996 juu ya pombe na madawa ya kulevya mahali pa kazi. Mwongozo si sheria, lakini maneno yake yana uzito mezani: matatizo ya pombe yahesabiwe kama matatizo mengine ya afya, kanuni ziwe sawa kwa mkubwa na mdogo, anayejitokeza kutaka tiba asibaguliwe, na siri yake itunzwe. Tuweke mkazo kwenye usawa huo. Sote tumeona barua ya onyo inavyomfikia mtu wa mashine, na jinsi mkubwa mwenye tabia hiyo hiyo anavyosindikizwa nyumbani na dereva.

Hatuombi mlevi aachiwe mashine. Mtu aliyelewa asiguse mashine, wala usukani, wala panga. Mjumbe anayemficha siku hiyo anaweza kuzika mwenzake. Tunachodai ni kwamba kati ya onyo na kufukuzwa iwepo hatua ya tiba, yenye muda unaojulikana, na nafasi ya kazi ikingoja. Fundi wa miaka kumi na tisa hapatikani sokoni, na mwajiri anayejua hesabu analielewa hilo hata kama huruma haimo.

Wenzetu wa Musaga wameanza jambo dogo. Kila Alhamisi baada ya kazi, watu wachache hukutana nyumbani kwa yule mama wa kufungasha. Chai hunywewa, kila mtu hueleza wiki yake, na yanayosemwa hayatoki nje. Mwanzoni walikuwa watatu.

Fundi wetu ni mmoja wao. Katika mwezi wa tatu aliteleza, Jumamosi moja, baada ya maneno makali na msimamizi. Jumatatu alifika kazini saa moja kasoro, kabla ya kengele, akamtafuta mjumbe na kumweleza mwenyewe. Barua ya pili ingali ndani ya faili lake. Tumeandika kuomba iondolewe, na mpaka toleo hili linapokwenda mtamboni hatujapata jibu.